Pourchaire na ubingwa usiofungua mlango

Septemba 2020, kwenye uwanja wa Mugello nchini Italia, madereva watatu walimaliza msimu wa Formula 3 wakiwa wametenganishwa na pointi nne tu: Oscar Piastri wa Australia 164, Théo Pourchaire wa Ufaransa 161, Logan Sargeant wa Marekani 160. Piastri na Sargeant waliingia kwenye shindano la mwisho wakiwa sawasawa kwa pointi. Sargeant aligongana na dereva mwingine katika mzunguko wa kwanza, mbio zake zikaishia hapo. Piastri akajikongoja hadi nafasi ya saba. Pourchaire akapanda jukwaani akiwa wa tatu. Mwanzoni mwa 2023 Piastri alikuwa McLaren na Sargeant alikuwa Williams, wote ndani ya Formula 1. Yule wa katikati, mdogo kuliko wenzake kwa zaidi ya miaka miwili, hajawahi kuanza shindano hata moja la Formula 1.

Na wala hakupotelea njiani. Mwaka huohuo wa 2023 alitwaa ubingwa wa Formula 2, ngazi ya mwisho kabla ya Formula 1. Alifanya alichoambiwa afanye: panda ngazi moja baada ya nyingine, shinda, pata pointi za leseni, kisha ubishe hodi. Alipobisha, ndani hakukuwa na kiti kilicho wazi.

Mashabiki wengi hulimaliza suala hili kwa maneno machache: hakuwa na kasi ya kutosha. Sikubaliani nao. Rekodi yake ina mapungufu, na nitayataja. Lakini ukimpanga Pourchaire pamoja na mabingwa waliomtangulia na waliomfuata, unaona kwamba ubingwa wa Formula 2 haununui kiti. Kinachonunua kiti ni mwaka ulioshinda, nani anakujua ndani ya timu, na nani anamaliza mkataba wakati huo. Ubingwa wenyewe unakupa jambo moja tu la uhakika, nalo ni marufuku ya kurudi.

Nianze na mfumo, kwa faida ya wanaofuatilia Formula 1 peke yake Jumapili. Dereva huanza utotoni na gokati, magari yale madogo ya chini yasiyo na paa. Akifika umri wa miaka 15 hivi anaingia Formula 4, ambayo huendeshwa nchi kwa nchi. Juu yake kuna mashindano ya kikanda, kisha Formula 3 na Formula 2 za FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari. Hizi mbili hukimbia wikendi ileile na kwenye viwanja vilevile vya Formula 1. Katika Formula 2 kila timu hupewa bodi ileile ya Dallara, injini ileile ya Mecachrome na matairi yaleyale ya Pirelli. Kusudi ni kumpima dereva, si kiwanda. Hata hivyo timu zenye mafundi bora na data nyingi hupata wikendi nyingi nzuri kuliko nyingine, na nafasi katika timu hizo hulipiwa. Makadirio yanayotajwa na wengi kwa msimu mmoja ni kati ya euro milioni 2 na 3. Fedha hizo hutoka kwa familia, kwa wadhamini, au kwa timu ya Formula 1 iliyomchukua kijana kwenye mpango wake wa kulea vipaji.

Kuna pia leseni kuu, kibali ambacho dereva lazima awe nacho ili aendeshe Formula 1, na tangu 2016 masharti yake ni magumu zaidi. Baada ya Max Verstappen kuanza Formula 1 akiwa na miaka 17 mwaka 2015, FIA iliweka umri wa chini wa miaka 18 na pointi 40 ambazo dereva huzikusanya ndani ya miaka mitatu kutoka ngazi za chini. Bingwa wa Formula 2 hupata 40 zote kwa mkupuo. Wa pili hupata 40. Wa tatu pia 40. Yaani kwa hesabu za FIA yenyewe, bingwa hana thamani yoyote zaidi ya aliyemaliza wa tatu.

Pourchaire alizaliwa Agosti 2003 mjini Grasse, kusini mwa Ufaransa. Mwaka 2018 alishinda daraja la vijana la Formula 4 ya Ufaransa. Mwaka 2019 akashinda Formula 4 ya Ujerumani, ambayo wakati huo ilikuwa na ushindani mkali. Kutoka hapo akaruka hatua. Badala ya kupitia mashindano ya kikanda kama walivyofanya wenzake, aliingia moja kwa moja Formula 3 na timu ya ART, akiwa na miaka 16. Pointi tatu zilizomtenganisha na Piastri mwishoni mwa msimu ule zinapaswa kusomwa kwa kukumbuka hilo.

Mei 2021, Monaco, akiwa bado na miaka 17, alianza wa kwanza kwenye gridi na kumaliza wa kwanza katika shindano kuu la Formula 2. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo katika umri ule. Monaco haivumilii kosa. Kuta ziko mkono wa kushoto na kulia, na dereva anayesitasita kidogo katika kupima nafasi ya kuanzia hupoteza wikendi nzima. Kijana aliyeshinda pale mara ya kwanza anapokimbia pale huandikwa kwenye daftari la kila bosi wa timu. Wiki mbili baadaye huko Baku alihusika kwenye ajali ya mwanzo wa shindano na kuvunjika mfupa wa mkono. Alirudi Silverstone mwezi Julai, akashinda tena Monza, akamaliza msimu wa tano.

Hapo ndipo ninapoona njia panda ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoamua mengi. Sauber, timu iliyokuwa ikikimbia kwa jina la Alfa Romeo, ilikuwa inamlea Pourchaire. Kimi Räikkönen alitangaza kustaafu mwishoni mwa 2021 na Valtteri Bottas akaletwa. Kiti cha pili kilikuwa wazi. Pourchaire alikuwa na miaka 18 na msimu mmoja wa Formula 2, na kusema kweli haikuwa vibaya kumwambia asubiri. Kiti kikaenda kwa Zhou Guanyu, Mchina wa kwanza kuendesha Formula 1.

Zhou hakuwa dereva mbovu. Alipata pointi katika shindano lake la kwanza kabisa, Bahrain 2022. Lakini alikuwa amekaa Formula 2 misimu mitatu kamili, 2019, 2020 na 2021, na nafasi yake bora ilikuwa ya tatu. Hakuwahi kuwa bingwa. Soko la China na wadhamini wake lilikuwa na uzito, na timu ndogo inayohitaji fedha haiwezi kulaumiwa kwa kulipima hilo. Ninachokataa ni hoja inayotolewa leo kwamba Pourchaire alikosa nafasi kwa sababu ilimchukua misimu mitatu kushinda. Timu ileile ilimchukua dereva wa misimu mitatu ambaye hakushinda.

Mwaka 2022 Pourchaire alirudi Formula 2 na ART, akashinda mashindano makuu ya Bahrain, Imola na Budapest, akawa wa pili nyuma ya Mbrazili Felipe Drugovich. Lakini tofauti ilikuwa kubwa mno: Drugovich 265, yeye 164. Hili ndilo doa kubwa zaidi katika rekodi yake, kuliko chochote kilichotokea 2023. Dereva anayelelewa na timu ya Formula 1, akiwa ndani ya gari la ART, hapaswi kuachwa kwa pointi 101. Yeyote anayetaka kumtetea lazima alikubali hilo kwanza.

Kisha ikaja njia panda ya pili, na hii haikuhusu usukani hata kidogo. Bosi wa Sauber alikuwa Frédéric Vasseur, mwanzilishi wa ART, timu ileile aliyokuwa akiiendeshea Pourchaire. Kwa dereva kijana hakuna mtu muhimu zaidi ya bosi ambaye amekuwa akimtazama tangu mwanzo, anayejua jinsi anavyofanya kazi na mafundi na jinsi anavyopokea kushindwa. Mwishoni mwa 2022 Vasseur aliondoka kwenda kuiongoza Ferrari. Sauber ikaingia kwenye mpito wa kuuzwa kwa Audi, uongozi mpya ukaletwa, na mpango mzima ukaelekezwa 2026. Uongozi mpya hauna deni kwa kijana aliyeletwa na uongozi wa zamani. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi mahali ambapo mkuu aliyemwajiri amehamishwa ghafla analielewa hili bila kufafanuliwa.

Msimu wa 2023 ulianza kwa namna ambayo ingeweza kunyamazisha maswali yote. Bahrain, Machi, Pourchaire alianza wa kwanza na kushinda shindano kuu kwa tofauti ya karibu sekunde 20, jambo ambalo kwenye magari yanayofanana halionekani mara kwa mara. Baada ya hapo hakushinda tena mwaka mzima. Alijenga ubingwa wake kwa nafasi za pili, za tatu na za nne, kwa kutogonga na kwa kutokata tamaa siku mbaya. Frederik Vesti wa Denmark, aliyekuwa chini ya Mercedes, alishinda mara nyingi kuliko yeye, lakini alikuwa na wikendi zilizoharibika kabisa. Hesabu ikafungwa Abu Dhabi mwezi Novemba: Pourchaire 203, Vesti 192, Jack Doohan wa tatu na 168.

Wakosoaji huliegemea hili. Bingwa wa ushindi mmoja, wanasema. Mimi naona wanachanganya burudani na ustadi. Formula 2 inatoa pointi wikendi nzima, Jumamosi kwenye shindano fupi ambalo kumi bora hupangwa kinyume, na Jumapili kwenye shindano kuu. Anayejua kuchukua nafasi ya nne siku ambayo gari halina kasi anaonyesha kitu ambacho timu za katikati ya msimamo wa Formula 1 zinakihitaji kila wiki, maana wao hawashindi. Wanaokota pointi mbili hapa, moja pale. Timu ingekuwa inatafuta dereva wa namna hiyo, alikuwapo.

Lakini hakuna timu iliyokuwa ikitafuta. Msimu wa 2024 ulianza na madereva 20 walewale waliomaliza msimu wa 2023, kiti kwa kiti. Katika historia yote ya mashindano hayo haikuwahi kutokea hivyo. Sauber ilibaki na Bottas na Zhou. Williams ilimpa Sargeant mwaka wa pili. Hakuna aliyehama, hakuna aliyestaafu, hakuna aliyefukuzwa. Pourchaire alishinda ubingwa wa Formula 2 katika mwaka mmoja pekee ambao hata angeshinda kila shindano asingepata pa kukaa.

Linganisha na 2018. Mwaka ule George Russell alikuwa bingwa wa Formula 2, Lando Norris wa pili, Alexander Albon wa tatu. Wote watatu walianza Formula 1 mwaka 2019, kwa sababu viti vilifunguka kwa wingi. Watatu bora wa 2023 ni Pourchaire, Vesti na Doohan. Wawili wa kwanza hawakupata kiti. Doohan alisubiri mwaka mzima, akapata shindano la mwisho la 2024 na Alpine, akaanza 2025, na baada ya mashindano sita ya mwaka huo akaondolewa na nafasi yake kupewa Franco Colapinto. Sitasema kizazi cha 2023 kina kipaji sawa na cha 2018. Russell na Norris wamethibitisha wao ni nani. Ila tofauti ya watatu kwa sifuri siku ya kwanza ya msimu uliofuata haikutokana na kipaji pekee.

Sasa turudi kwenye ile marufuku niliyoitaja, kwa sababu ndiyo inayoniudhi kuliko yote. Kanuni za Formula 2 hazimruhusu bingwa kushiriki tena. Kwa juu juu inaeleweka: ngazi ya mafunzo isije ikawa makazi ya kudumu, na vijana wapya wapate nafasi. Lakini matokeo yake ni kwamba Vesti, aliyeshindwa, angeweza kurudi akitaka. Pourchaire, aliyeshinda, hakuweza. Aliyemaliza wa pili ana leseni ileile na uhuru zaidi. Sijui mchezo mwingine mkubwa ambao zawadi ya bingwa ni kutimuliwa uwanjani bila kuonyeshwa aende wapi.

Alikokwenda ni kokote palipokuwa na gari. Machi 2024 aliendesha Suzuka katika Super Formula ya Japani na timu ya Impul, shindano moja tu, kisha akaondoka. Aprili aliitwa Marekani na Arrow McLaren kwenye mashindano ya IndyCar, kwa kuwa David Malukas alikuwa ameumia kifundo cha mkono. Alitua Long Beach, barabara za mjini asizozijua, ndani ya gari asilolijua, zito na lisilo na usukani wa kusaidiwa, akamaliza wa 11.  Kwa mtu aliyejifunza gari lile ndani ya wikendi za mashindano yenyewe, hayo ni matokeo ya heshima. Timu ikatangaza kwamba angemaliza naye msimu, isipokuwa Indianapolis 500, shindano kubwa kuliko yote ya IndyCar.

Halafu ikaja Detroit. Aligusana na Agustín Canapino, na baadhi ya mashabiki mitandaoni wakamtumia matusi na vitisho vya kuuawa, hadi timu mbili zikalazimika kutoa tamko la pamoja. Kijana wa miaka 20, mbali na kwao, kwa mguso ambao mbio za mitaani huzalisha kadhaa kila alasiri. Wiki mbili hivi baadaye Arrow McLaren ilimsajili Nolan Siegel wa Marekani kwa mkataba wa miaka kadhaa, na Pourchaire akaondolewa. Mwezi uliofuata timu ileile ikampigia tena simu, kwa sababu Alexander Rossi alikuwa ameumia kidole gumba huko Toronto. Akapanda ndege, akavuka Atlantiki, akaendesha. Tukio hili linanionyesha tabia yake kuliko Monaco. Alikuwa na kila sababu ya kukataa.

Baada ya hapo njia yake imegeukia mbio za masafa marefu, kwenye kambi ya Peugeot. Ni kazi nzuri, yenye mshahara, viwanda vikubwa na mbio za saa 24 za Le Mans kila Juni. Sipendi namna waandishi wengi wanavyoizungumzia kama shimo la kutupia walioshindwa. Dereva anayelipwa kuendesha gari la kiwanda akiwa na miaka 22 amefanikiwa kuliko maelfu walioanza gokati siku moja naye. Lakini si alichokisomea, na hilo halifichiki.

Drugovich, aliyemwacha kwa pointi 101, naye hakufika. Hapa ndipo hoja ya kasi inapokwama kabisa, maana msimu wake wa 2022 ulikuwa wa mabavu: alifunga hesabu Monza, ikiwa imebaki wikendi moja ya mashindano msimu uishe. Viti vipya vya 2023 vilikwenda kwa Piastri, kwa Nyck de Vries bingwa wa 2019, na kwa Sargeant aliyekuwa wa nne nyuma ya Drugovich mwenyewe. Haas, iliyokuwa na nafasi, ilimrudisha Nico Hülkenberg akiwa na miaka 35. Drugovich akachukuliwa na Aston Martin kuwa dereva wa akiba. Februari 2023 Lance Stroll alianguka na baiskeli na kuumia, Drugovich akaendesha majaribio ya Bahrain, na kwa siku chache ilionekana angeanza msimu. Stroll akapona kwa wakati, akakimbia, akamaliza wa sita, na hilo nalo lilikuwa jambo la kishujaa. Drugovich akabaki kwenye kiti cha pembeni mwaka baada ya mwaka, kisha akahamia Formula E. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa dereva wa mbio huumiza zaidi, kwa sababu kila msimu kunazaliwa bingwa mwingine mwenye umri mdogo na jina jipya.

Wala hili halikuanza na wao. Davide Valsecchi alishinda GP2, iliyokuwa Formula 2 ya wakati huo, mwaka 2012. Mwaka uliofuata alikuwa dereva wa akiba wa Lotus. Räikkönen alipojitoa mashindano mawili kabla ya mwisho wa msimu ili afanyiwe upasuaji wa mgongo, siku ambayo dereva wa akiba huiomba kimyakimya ilikuwa imefika. Lotus ikamwita Heikki Kovalainen, ambaye hakuwa hata mfanyakazi wao. Kovalainen hakupata pointi hata moja. Valsecchi hakupata nafasi nyingine. Fabio Leimer, bingwa wa 2013, naye hakuwahi kuanza Formula 1.

Watetezi wa mfumo hunikumbusha 2025, na wana haki ya kunikumbusha. Mwaka ule milango ilifunguka: Kimi Antonelli, Oliver Bearman, Gabriel Bortoleto, Isack Hadjar, Liam Lawson na Doohan wote walianza msimu kwa mara ya kwanza wakiwa na viti vyao kamili. Bortoleto alikuwa bingwa wa Formula 2 wa 2024, mwaka wake wa kwanza, baada ya kuwa bingwa wa Formula 3 mwaka 2023. Alistahili bila ubishi. Kiti alichopewa kilikuwa cha Sauber. Timu iliyomlea Pourchaire kwa miaka ilimpa nafasi dereva aliyelelewa na McLaren, mwaka mmoja baada ya Pourchaire kutwaa taji lilelile.

Tena tazama wenzake Bortoleto walitoka wapi. Antonelli alimaliza wa sita Formula 2 mwaka 2024. Bearman alikuwa wa 12. Lakini Bearman alipoitwa ghafla Jeddah kushika gari la Ferrari la Carlos Sainz aliyekuwa na ugonjwa wa kidole tumbo, alimaliza wa saba akiwa na miaka 18, na jioni ile moja ikawa na uzito kuliko msimu wake wote. Sina tatizo na hilo. Timu zilizowatazama vijana hao kwa karibu, kwenye majaribio ya faragha na kwenye mitambo ya kuigiza mbio, zilijua zinachokiona. Msimamo wa Formula 2 ni kipimo kimoja kati ya vingi, na si kila mara kilicho bora. Tatizo langu ni kwamba FIA inaendelea kuuza ngazi hii kwa familia kama njia inayoelekea juu, wakati wanaoajiri wenyewe hawaitumii hivyo.

Na 2026 imefuta matumaini ya wale waliosema 2025 ndiyo kawaida mpya. Imekuja timu ya 11, Cadillac, viti viwili vipya kabisa. Wamechukuliwa Sergio Pérez na Bottas. Katika gridi nzima ya madereva 22 aliyeanza mwaka huu kwa mara ya kwanza ni mmoja, Arvid Lindblad wa Racing Bulls. Bingwa wa Formula 2 wa 2025, Leonardo Fornaroli wa Italia, aliyeshinda taji hilo mwaka wake wa kwanza baada ya kuwa bingwa wa Formula 3, hana kiti cha mbio. Kwa hiyo hata ile hoja ya misimu mitatu imekufa. Fornaroli alitumia mmoja.

Desemba 2024 FIA ilifanya hafla yake ya tuzo Kigali, na Rais Paul Kagame akatangaza pale kwamba Rwanda inataka kuandaa mbio za Formula 1. Tangu hapo nimekuwa nikisikia wazazi wa ukanda wetu wakiulizana gokati inaanza umri gani. Ni swali zuri. Ila kabla ya kuuza kiwanja, mzazi asome maisha ya Pourchaire hadi mwisho, asiishie Monaco.

Dawa ipo, na wala si ya kubuni. Nchini Marekani, kwa miaka kadhaa bingwa wa ngazi iliyo chini ya IndyCar alipewa zaidi ya dola milioni 1 za kwenda nazo juu, na fedha hizo zilimhakikishia mashindano kadhaa ya IndyCar ikiwamo Indianapolis 500. Haikumhakikishia mkataba wa kudumu. Ilimhakikishia kuonekana, na timu iliyompokea ilipokea na fungu lake. Kiwango kimepungua baadaye, lakini wazo limebaki: aliyeshinda chini anapanda juu angalau kujaribiwa.

Formula 1 haiwezi kuilazimisha timu kumwajiri mtu, na mashindano kadhaa ya bure hayawezekani pale ambapo kila timu ina magari mawili tu. Lakini kuna mazoezi ya kwanza ya Ijumaa. Tangu 2025 kila timu lazima itoe vipindi vinne kwa msimu kwa madereva wachanga, viwili kwa kila gari. Kwa timu 11 za sasa hivyo ni vipindi 44. Timu huvijaza zinavyotaka, mara nyingi na vijana wao wenyewe, na wakati mwingine dereva mmojamoja hurudiarudia. FIA inaweza kutenga sita kati ya hivyo kwa bingwa wa Formula 2 ambaye hana kiti, katika timu tofauti, na gharama zilipwe na waandaaji wanaovuna mamilioni kutoka kwa timu za Formula 2 kila mwaka. Pamoja na hayo ile marufuku iondolewe kwa bingwa ambaye hakupata nafasi, kwa mwaka mmoja tu. Akirudi na kushindwa, basi tutakuwa tumejua jambo la kweli kumhusu. Pourchaire hakupewa hata nafasi hiyo ya kushindwa.